Sialanti ya kupuliza imeacha mawingu kwa gari nyeusi: itoe vipi, upake upya vipi

Dada mmoja wa Kasarani ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Niko na Demio nyeusi. Mwezi uliopita niliipeleka mahali wanaosha magari, kijana akanipulizia sialanti saa saba mchana, ikang'aa vizuri sana hio siku. Baada ya wiki nikaanza kuona mawingu meupe kwa boneti na juu kwa paa, jua likipiga naona rangi rangi kama za mafuta kwa maji, na madoa ya duara ya maji hayatoki nikiosha. Jirani anasema nipanguse na thina, mwingine sabuni ya vyombo, na kuna fundi anataka kupiga msasa wa 2000. Nifuate nani? Chupa ilibaki nusu, naeza jipakia mwenyewe? Pia mlango wa nyuma kushoto ulikwaruzwa na nduthi ukapigwa rangi wiki tatu zimepita, sasa umetoka na vijishimo vidogo vya duara, sijui kama ni sialanti pia."

Pole dadangu. Thina kwanza rudisha kwa jirani, na huyo wa msasa mwambie ashukuriwe lakini aweke msasa chini. Gari yako haijaharibika. Hayo mawingu si rangi imekufa, ni sialanti, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ndio ing'ae na uchafu usishike, ilipulizwa nyingi ikakaukia hapo juu kabla mtu hajaifuta, basi. Sasa kazi ni kutoa kilichozidi, unaanza na njia ya upole kabisa na unapanda tu kama imekataa, kwa sababu sialanti unaweza kununua ingine kesho lakini klia ukishaila haina mahali inarudi.

Klia ndio ile rangi ya mwisho juu, haina rangi yoyote, ndio inabeba mng'ao wote na ndio inazuia jua kuchoma ile rangi nyeusi iko chini yake. Kwa gari ya kiwandani huwa ni mikroni 40 hivi, saa zingine 50, na unywele wa mtu mara nyingi unazidi hapo. Msasa wa 2000 unakula klia, hio ndio kazi yake, na gari ya kutoka Japani huwezi jua ilishapigwa polishi mara ngapi kabla ifike Mombasa. Sialanti ya kupuliza nayo haifiki hata mikroni moja. Kwa hivo mtu akikuambia atapiga msasa ndio atoe sialanti, ujue atapitisha sialanti kwa sekunde moja na dakika zingine zote zilizobaki atakuwa anakula gari yako. Msasa huo uko na kazi yake, mfundi mzuri wa rangi anautumia kusawazisha rangi mpya iliyotoka na vinundu, lakini si hapa.

Thina ni mbaya zaidi kwa sababu inategemea rangi gani iko chini. Rangi ya kiwandani imeshachomwa kwa oveni, inaweza kuvumilia kidogo, lakini magari mengi tunanunua yameshapigwa rangi sehemu fulani, bampa hasa, na kama ilipigwa ile rangi ya kawaida isiyochanganywa na hadina (dawa ya kuifanya iwe ngumu), thina inailainisha hapo hapo na kitambaa kinatoka cheusi. Petroli na mafuta taa pia acha, najua watu wanatoa lami nayo kila siku, lakini yanakausha raba za milango na yanaacha utelezi ambao tena itabidi uutoe.

Sabuni ya vyombo sasa. Hii ndio ushauri nimeskia sana, na haina madhara makubwa ukifanya mara moja, shida ni kwamba haifanyi kile watu wanadhani. Inatoa mafuta na grisi, waksi ya zamani inaweza kuipunguza, lakini sialanti imeshikana na rangi na imekauka wiki kadhaa, sabuni ya vyombo inapita juu yake tu. Ile ya unga ya kufulia ndio usiguse kabisa, chembe ambazo hazijayeyuka zinachora rangi nyeusi mistari ya duara duara utaiona kila ukipita chini ya taa za barabara.

Hebu nikueleze venye haya mawingu yalitokea, maana ukielewa hapa hautarudia. Sialanti za kupuliza ni za polima, na nyingi za siku hizi ziko na silika ndani, imebebwa na maji ama kimiminika kinachokauka haraka. Ukipuliza, unasambaza na kitambaa cha kwanza, halafu unafuta na cha pili kikavu mpaka usione kitu. Ile inayobaki baada ya kufuta, ambayo huioni, ndio sialanti yenyewe. Ile unaona ni zaidi. Ni kama mtu amejipaka mafuta mengi usoni akatoka nje kwa vumbi, yale yaliyoingia kwa ngozi yanatosha, yale yamebaki juu ndio yanashika uchafu. Sasa saa saba mchana Nairobi, boneti nyeusi iliyosimama kwa jua huwezi weka mkono ukauacha hapo. Ile maji ya kubeba silika inaruka kwa sekunde chache, kijana hajafika hata mwisho wa boneti, sialanti imeshakauka mahali ni nene mahali ni nyembamba. Pale nene ndio wingu, na pale unene unabadilika polepole ndio unaona zile rangi za upinde wa mvua. Rangi nyeusi inaonyesha kila kitu, kwa gari ya silva pengine hata usingeona.

Watu husahau pia tuko juu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na tuko hapa tu kando ya ikweta, jua la hapa hata kukiwa na baridi ya Julai lina ukali wake kwa rangi. Kwa hivo maagizo ya chupa yaliyoandikiwa mtu wa Uingereza yanasema ngoja dakika moja ndio ufute, wewe hapa usingoje hio dakika kama uko nje.

Na hayo madoa ya duara ni kitu tofauti, usichanganye. Hayo naona ni maji. Maji ya kaunti yanatoka Ndakaini na Sasumua, ni maji ya mlimani, hayana madini mengi. Lakini sehemu nyingi za kuosha magari, na ploti nyingi huko Thika Road, zinatumia kisima cha kuchimba, na maji ya kisima yakikauka yanaacha chumvi yake yote pale tone lilikuwa. Hapa ndio kuna jambo moja linachekesha kidogo, sialanti inafanya hii kitu iwe mbaya zaidi! Gari isiyo na kitu maji yanalala yote yanatandaa, gari yenye sialanti maji yanasimama matone matone, kila mtu anachukua simu anapiga picha, halafu jua linakausha kila tone pale pale na kila tone linaacha duara lake. Mimi sialanti nzuri naijua kwa venye maji yanateleza na kuondoka, matone ya kupiga picha hayanishtui. Kwa hivo kama maji yako ni ya kisima, kukausha gari na taulo baada ya kuosha ni lazima, si mapambo.

Basi kazi yenyewe. Chagua asubuhi ya mawingu ama jioni baada ya saa kumi na moja, gari iwe kwa kivuli, weka mgongo wa mkono kwa boneti, kama ina joto ngoja. Osha na shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza glavu ya kuoshea, juu kwenda chini, magurudumu mwisho na glavu yake. Kausha. Sasa chukua hio hio sialanti uliyobaki nayo, tikisa, pulizia kidogo tu kwa kitambaa cha maikrofaiba, pangusa wingu moja sehemu ndogo kama sahani, halafu ufute papo hapo na kitambaa kikavu. Najua inaonekana kama mzaha, kutoa kitu na kitu hicho hicho, lakini sialanti mbichi mara nyingi inalainisha ile iliyokauka juu na zote mbili zinatoka na kitambaa. Ikifanya kazi endelea hivo gari yote na umemaliza. Kwa sialanti ya mwezi mmoja naona nusu kwa nusu, inaweza kukubali inaweza kukataa.

Ikikataa nenda kwa alkoholi. Isopropili, lakini si yenyewe kavu, unachanganya na maji mpaka iwe kama asilimia 15 hadi 20. Kama chupa ni ya asilimia 70, kipimo kimoja cha alkoholi na vitatu vya maji inakupeleka hapo. Ukienda kwa duka la dawa wakakupa spiriti soma nyuma ya chupa, kuna aina zingine zimewekwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, hio itakuachia utelezi kwa rangi na utarudi kuniuliza tena. Pulizia kwa kitambaa, pangusa taratibu bila kukandamiza, geuza upande safi kila mara, na usifanye karibu na jiko ama mtu anavuta sigara. Anza mahali hapaonekani, ndani ya mlango ama chini ya bampa, hasa kwa sababu hujui sehemu gani ya gari ilipigwa rangi upya. Kitambaa kikitoka na weusi, simama, hio si sialanti unatoa.

Madoa ya maji unashughulika nayo baada ya hapo. Siki nyeupe ya jikoni na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, laza juu ya doa dakika moja hivi, inua, suuza maji mengi. Isikaukie hapo. Doa likitoka, vizuri, lakini kama halijatoka na ukipitisha kucha unahisi kama kishimo, basi madini yameshakula klia na hio sasa ni ya polishi, hakuna maji ya chupa itatoa. Kinyesi cha ndege pia ni hivo hivo, wale wanaoegesha chini ya miti Barabara ya Mombasa pale korongo wanalala wanajua, ukikiacha siku mbili kwa jua kinaacha alama ndani ya klia na sialanti ilikuwa inakununulia tu masaa machache ya kukifuta.

Katikati hapo kuna dawa ya kuondoa vumbi la chuma la breki, ile inageuka zambarau na inanuka kama mayai viza, na kuna klei, kile kidongo unateleza nacho juu ya rangi na maji ya sabuni. Hio dawa inaweza kudhoofisha sialanti kidogo ikiondoa uchafu, klei ndio hasa inaikwangua. Kama ni gari yangu ningefanya hizi mara moja sasa hivi, kwa sababu nina shaka kijana aliosha tu akapuliza, na kama alipuliza juu ya lami na vumbi la breki basi sialanti ilishika uchafu badala ya kushika rangi. Pitisha vidole kwa boneti ukiwa umevaa karatasi laini ya nailoni, ukihisi chenga chenga kama msasa, hio ndio hali. Na klei ikianguka chini hata mara moja, tupa, usiioshe.

Ngazi ya mwisho ni polishi laini, ile ya kumalizia, na sponji laini. Kwa mkono unaweza, inachosha tu. Kama unapeleka kwa mtu, uliza ana mashine gani, unataka ile inazunguka huku inacheza kando, maana ile ya kuzunguka moja kwa moja kwa mkono usiozoea inachoma klia kwa ile mistari ya boneti kabla hujasema kitu. Na mwambie unataka kutoa sialanti na michubuko midogo, hutaki kumaliza kila mkwaruzo. Mkwaruzo ambao kucha inaingia hautoki kwa polishi bila kula klia nyingi, uache tu ukae, ni gari si kioo.

Kuna kitu kingine watu hukosea kwa upande wa kutoa. Mtu anaona maji hayasimami tena matone, anasema sialanti imeisha, anapulizia ingine juu. Mara nyingi haijaisha, imefunikwa na moshi wa dizeli na vumbi, na Nairobi hivo viwili hatujawahi kukosa. Osha vizuri kwanza, ile dawa ya chuma pia, halafu angalia maji tena. Kama yamerudi kuteleza basi hukuhitaji kununua kitu. Kama bado, hapo ndio unapaka.

Kupaka mwenyewe ndio, unaweza, na nusu chupa inakutosha Demio zaidi ya mara moja, hio gari ni ndogo. Gari iwe safi, imekauka kabisa hata pale maji hujificha kwa vioo vya kando na kwa namba pleti, iko baridi, iko kivulini. Sehemu moja moja, nusu ya boneti kwanza, si gari yote. Kupuliza mara mbili tatu kwa kitambaa kunatosha, usipulizie hewani upepo ukabeba ikaenda kwa kioo cha mbele, hapo waipa zitaanza kuchora ukungu usiku mvua ikinyesha, na isiende kwa diski za breki kabisa kabisa. Sambaza, futa na kitambaa cha pili, halafu chutama uangalie kutoka upande, washa tochi ya simu uilaze karibu na rangi, ukiona mstari wowote futa tena kabla uende mbele. Ukipulizia unafikiria "wacha niongeze kidogo ndio ikae sana", hapo ndio unatengeneza mawingu mengine. Ukitaka kupaka mara ya pili fuata maagizo ya chupa juu ya muda wa kungoja, na gari isiguswe na maji siku nzima, zile za silika nyingi zinataka masaa 12 hadi 24 kukomaa. Msimu wa mvua usianze kazi saa tisa na gari inalala nje.

Angalia lakini chupa yako ni ya aina gani, kuna zingine zinapulizwa gari ikiwa bado ina maji na zinasuuzwa na presha hapo hapo. Ukiichukua hio uipake kwa gari kavu itakuachia michirizi hata kama ulifanya kila kitu sawa, na pengine hata huyo kijana ndio kosa alifanya, si lazima ilikuwa jua peke yake. Soma maandishi, na kama yamefutika mwulize ni gani. Vitambaa ukivifua usiweke ile sabuni ya kulainisha nguo, inaziba maikrofaiba na wakati mwingine utakuwa unapaka mafuta kwa gari. Kila kitambaa kilichotumika kulowesha sialanti kioshwe siku hio hio, kikikaukia kinakuwa kigumu na kitakwaruza, hicho kihamishie kwa magurudumu.

Na ukiona imeandikwa 9H isikudanganye kwamba gari itakataa mikwaruzo. Hio ni kipimo cha ugumu wa penseli, 9H ndio penseli ngumu kabisa kwa hio skeli, haina uhusiano na ufunguo wa mtoto wa jirani ama kishikio cha nduthi. Sialanti inasaidia gari ioshwe kwa urahisi na uchafu usishike sana, inachelewesha jua, basi. Miezi michache unarudia.

Sasa huo mlango. Vijishimo vya duara ambavyo rangi imejivuta ikakimbia katikati, hio kwa kawaida ni mafuta ama silikoni ilikuwa chini wakati rangi inapigwa. Sialanti nyingi zina vitu vya silikoni, na gari yako ilikuwa imepakwa wiki moja tu kabla, kwa hivo nina shaka fundi alipiga msasa moja kwa moja juu yake bila kupangusa kwanza na dawa ya kutoa silikoni, na msasa ukaisambaza badala ya kuitoa. Lakini usimlaumu kabla hujauliza kitu kimoja: kompresa yake ina kichujio cha maji na mafuta? Kwa sababu kompresa ya zamani isiyo na kichujio inapuliza mafuta pamoja na rangi na inaleta vijishimo hivo hivo hata kwa gari ambayo haijawahi kuona sialanti. Njia ya kujua ni rahisi, mwulize kazi zingine za wiki hio zilitokaje.

Yoyote iwe, hizo shimo hazizibwi na polishi wala kupulizia klia juu yake, zitarudi. Arudi asafishe mlango wote na dawa, abadilishe kitambaa kila mara, ndio apige msasa (hapa sasa msasa uko na kazi), asafishe tena, apige rangi upya. Na umwambie wazi kabisa gari ilikuwa na sialanti, hata paneli za kando asafishe kabla abandike tepu na magazeti, kwa sababu mkono wake ukishika pale halafu ushike mlango umebeba silikoni nayo. Ningekushauri hii kazi ya mlango itangulie, halafu ndio upake sialanti kwa gari iliyobaki ukishachukua gari kutoka kwake, maana ukipaka leo na uipeleke gereji wiki ijayo mtakuwa mnazunguka pale pale.

Mlango wenyewe ukishapigwa usiupake kitu. Rangi ya gereji isiyochomwa kwa oveni bado inapumua, kuna thina ndani yake inataka kutoka, ukiifunika mapema inalainika na kufifia. Upe siku 30 kwa uchache, mimi kwa baridi ya Juni mpaka Agosti ningeupa miezi miwili. Muda huo osha tu na maji na shampuu, usipeleke presha karibu na kingo za mlango, na kama aliuchoma kwa oveni mwulize kopo la rangi linasema ungoje muda gani, ufuate hilo.